Vibao vya alabasta vya Waingereza wa kale: vilichongwa kwa oda au kwa ajili ya soko? (swali la mchonga malakiti, Lubumbashi)

FundiWaKatuba anauliza:

Bandugu, jambo. Mimi ni mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, hapa Lubumbashi, mtaa wa Katuba. Kazi yangu ndiyo ile mnayoiona mezani kwa wauzaji wote: tembo, mamba, shanga, visahani vya majivu, seti za sataranji. Parokia zikiniita, natengeneza pia sanamu za plasta zilizoanguka. Vidole vya Mtakatifu Antoni, pua za malaika, na kila Desemba shingo ya yule punda wa pango la Noeli, ambaye watoto hawaachi kumpanda.

Mpwa wangu anasoma Bordeaux, Ufaransa. Juzi aliingia kanisa la Saint-Seurin, akanitumia picha za vibao vya mawe vyenye habari za Bikira Maria, na maneno machache tu: "Mjomba, wanasema ni kazi ya Waingereza, karne ya 15. Jiwe ni alabasta." Hakuongeza kitu, ana mitihani. Baadaye akatuma nyingine kutoka jumba la makumbusho la mji huo huo.

Nimezikuza picha hizo kwenye simu hadi zikawa ukungu mtupu. Nina maswali matatu.

La kwanza ni ukataji. Huyo fundi amepitisha patasi nyuma ya mkono wa malaika mpaka mkono ukabaki hewani. Fimbo, vidole, pindo la nguo, vyote vimeachana na ukuta wa nyuma. Malakiti ukiifanyia hivyo inakatikia kwenye mshipa, na asubuhi yako imepotea. Hilo ni jiwe la namna gani?

La pili ni rangi. Nyuso ni nyeupe tupu. Lakini ndani ya mikunjo ya nguo naona nyekundu imebaki, kwenye nywele kuna dhahabu, na chini ya miguu kuna kijani chenye vidoti vyeupe. Je, nyuso zilipakwa rangi ikaoshwa na miaka, au ziliachwa hivyo tangu mwanzo?

La tatu ndilo linaloniwasha. Watu wote kwenye vibao hivi wanafanana. Paji refu, macho yaliyotokeza, kidevu kidogo. Uso wa Maria ndio uso wa malaika, na huyo malaika ukimvika ndevu anakuwa mtume. Vile vya makumbusho ni hivyo hivyo. Mimi fundi naielewa hali hiyo: mkono umezoea njia, kiolezo kiko ukutani, kijana anakata na mkubwa anamalizia uso. Sasa, kuna mteja mmoja, mtu wa kusoma sana, alisimama mezani kwangu akaniambia tembo niliyechonga mara mia si sanaa, ni bidhaa. Nilimuuzia hata hivyo, na sikupunguza bei. Lakini nataka kujua. Hawa Waingereza walingoja oda, au walijaza rafu wakatafuta wateja? Kama walijaza rafu, nipeni ushahidi wenye jina na mwaka.

---

MwalimuMstaafu_Bukavu anajibu:

Papa Fundi, salamu kutoka Bukavu. Nilifundisha historia miaka mingi, na ushahidi wa aina unayoitaka huwa tunaupata zaidi mahakamani kuliko kanisani.

Mwaka 1491, mjini Nottingham, mchonga sanamu Nicholas Hill alimshtaki wakala wake, William Bott, kwa fedha za mauzo. Bidhaa yenyewe ilikuwa vichwa vya Yohane Mbatizaji, 58. Hamsini na nane, Papa Fundi, katika mzigo mmoja, mikononi mwa mchuuzi mmoja. Hiyo si oda ya askofu. Ni kichwa cha Yohane juu ya sahani, kibao kidogo cha kuweka nyumbani, ambacho mfanyabiashara au fundi wa kawaida aliweza kukinunua. Vingine vimebaki hadi leo vikiwa ndani ya kisanduku chake cha mbao chenye milango miwili midogo, ili mwenye nyumba afungue akisali na kufunga akimaliza. Kwa hiyo mwonyeshe mteja wako jina na mwaka: Nicholas Hill, 1491.

Lakini nisikudanganye kwa nusu ya habari. Oda kubwa zilikuwepo, na pengine ndizo zilizoikuza kazi hii. Mwaka 1367 Mfalme Edward III alimlipa Peter Mason wa Nottingham kwa kazi ya alabasta ya kuwekwa nyuma ya altare katika kanisa la Mtakatifu George, ndani ya ngome ya Windsor. Ilipokamilika ilibidi ipakiwe kwenye mikokoteni kumi ya farasi. Leo haipo tena, limebaki daftari la malipo tu. Toka miaka hiyo hadi karibu 1540, karakana za katikati ya Uingereza hazikupumzika. Nottingham ndiyo iliyopata jina, hadi watu wengi huviita vyote "vibao vya Nottingham", ingawa kazi ilifanyika pia York, Burton-on-Trent na kwingineko.

Ng'ambo navyo vilianza kwenda mapema. Mwaka 1382 mkusanya mapato wa Papa huko Uingereza, Cosmato Gentilis, alisafirisha kwenda Roma sanamu za alabasta za Bikira Maria, Petro na Paulo (watakatifu wa katedrali yenu ya Lubumbashi, angalia) pamoja na Utatu Mtakatifu mdogo. Mwaka 1456 padri wa kijijini, John Goodyear wa Chale katika kisiwa cha Wight, alitoa zawadi kwa kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania: vibao vya maisha ya Mtakatifu Yakobo. Bado viko huko. Padri wa kijiji, si mfalme wala kardinali.

Na Bordeaux ya mpwa wako haina fumbo. Mji ule ulikuwa chini ya mfalme wa Uingereza hadi 1453, na meli zilikwenda huko kila mwaka kuchukua mvinyo. Meli haiendi tupu. Kaskazini nako, waliokwenda Iceland kwa samaki wakavu walibeba alabasta. Kanisa la Möðruvellir bado lina vibao vyake nyuma ya altare.

---

BintiWaKipushi anajibu:

Papa Fundi, shikamoo. Mimi nimesoma jiolojia, najibu swali la jiwe tu, sanaa nawaachia wenyewe.

Alabasta ya Waingereza ni jasi. Ndiyo ile ile plasta unayokandia vidole vya Mtakatifu Antoni, ila haijachomwa. Jasi ukiipasha moto inapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga; unga ukirudishiwa maji unaganda. Kwa hiyo umekuwa ukifanya kazi na ndugu yake miaka yote.

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, malakiti iko kati ya 3.5 na 4. Jasi ni 2. Unaikwangua kwa kucha. Ndiyo maana walitumia kisu, patasi nyembamba, tupa na keekee, bila kuhitaji nguvu kubwa, na ndiyo maana mkono wa malaika ulibaki hewani. Halafu haina zile tabaka za malakiti zinazoachana vipande vipande. Chembe zake ni ndogo na zimeshikana pande zote.

Jihadhari na jina. Kuna jiwe lingine linaloitwa alabasta, la Misri na nchi za mashariki, ambalo ni kalsiti, ndugu wa marumaru. Kulijua ni rahisi: weka tone la siki kali. Kalsiti inatoa mapovu, jasi inanyamaza. (Malakiti nayo hutoa mapovu ukiitia asidi, lakini najua huwezi kuifanyia hivyo bidhaa yako.)

Machimbo yao makubwa yalikuwa Chellaston, karibu na Derby, na Tutbury katika Staffordshire. Jiwe la huko lina mishipa ya rangi ya kutu, kahawia hadi nyekundu, kwa sababu ya chuma. Nyeupe safi ilitafutwa kwa ajili ya nyuso. Mshipa uliopita kwenye joho la mfalme haukuwa na shida, ulikuwa unafunikwa na rangi.

Ubaya wake mkubwa ni maji. Lita moja ya maji inayeyusha karibu gramu mbili za jasi. Hizo ni kidogo kwenye glasi, ila ni nyingi sana kwenye sanamu iliyo nje msimu mzima wa mvua. Ndiyo maana karibu kazi yao yote ni ya ndani. Kuna mlango wa kanisa la Tutbury, wa karne ya 12, ambao una mzunguko mmoja wa upinde uliochongwa kwa alabasta, nje kabisa, na ndio mfano wa zamani zaidi tunaoujua Uingereza. Waliofuata hawakuirudia.

---

Seremala_Kamalondo anajibu:

Yaya, mimi naona mbao. Hivyo vibao vilishikwaje? Jiwe likikaa nyuma ya altare bila kuanguka, kuna mtu wa mbao aliyefanya kazi na hatajwi.

---

MwalimuMstaafu_Bukavu anajibu:

Kweli, Seremala, hatajwi. Kibao cha kawaida kilikuwa na urefu wa karibu sentimita 40 na upana wa sentimita 25. Nyuma kiliachwa bila kulainishwa, chenye alama za patasi, kikiwa kimechimbwa kidogo ili kipungue uzito. Hapo nyuma walitoboa matundu, wakaingiza ncha za waya wa shaba njano, wakamiminia risasi iliyoyeyushwa ili waya ushike. Ncha za pili zilifungwa kwenye fremu ya mbao. Vibao vitano au saba vilipangwa mstari mmoja, cha katikati kikiwa kirefu zaidi, na watakatifu wawili wembamba wakilinda miisho. Juu ya kila kibao kulikuwa na kijipaa kilichochongwa peke yake, chenye matundu mengi kama dirisha la kanisa. Baadhi ya migongo ina alama zilizokwaruzwa za kumwonyesha mfungaji kipi kinakaa wapi. Ukitaka kuona fremu yenye vibao vyake vyote, iko moja jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, wanayoiita ya Swansea, na mbao yake nayo imepakwa rangi na maandishi.

Hii ilirahisisha safari. Vibao vinafungwa ndani ya majani makavu, fremu inakunjwa au inatengenezwa huko huko, na fundi wa ng'ambo anaunganisha.

---

Katekista_Ruashi anajibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Fundi, kuhusu rangi. Kwa ninavyojua nyuso ziliachwa tupu kwa makusudi. Jiwe lililosuguliwa lina mng'ao wa ngozi yenye uhai, wakaongeza tu midomo, macho na nyusi. Nywele na taji zilipata dhahabu, ndani ya majoho ikawa nyekundu au bluu. Nusu ya juu ya ukuta wa nyuma ilikuwa dhahabu, yenye vinundu vidogo vilivyofinyangwa kwa chokaa na gundi. Chini palikuwa na ardhi ya kijani, na ule mchoro wa doti nyeupe tano au sita kuzunguka doti nyekundu ni ua la majani. Ua hilo wamelirudia kila mahali, mpaka linatumika kuzitambua kazi zao.

Lakini kuna jambo linanisumbua, nalisema wazi. Nyuso za watakatifu ni nyeupe. Nyuso za wanaompiga Yesu mijeledi, za askari wa Herode, za wauaji wa mashahidi, walizipaka kahawia au nyeusi. Mimi nafundisha watoto katekisimu hapa Ruashi. Nikiwaonyesha picha hiyo niseme nini?

---

MwalimuMstaafu_Bukavu anajibu:

Milele na milele, amina. Katekista, swali lako ni zuri na sitalipaka asali. Ndivyo walivyofanya. Na si rangi tu: pua ndefu, mdomo uliopinda, meno nje. Mara nyingi waliokusudiwa ni Wayahudi. Angalia hata kibao cha mazishi ya Bikira Maria, ambapo Myahudi anayegusa jeneza mikono yake inanata. Sasa kumbuka kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290. Mchongaji wa Nottingham wa 1450, na baba yake, na babu yake, hakuna aliyekuwa amemwona Myahudi jirani. Walichonga chuki waliyoirithi bila mtu wa kuilinganisha naye. Watu weusi nao hawakuwa jirani zao. Giza kwao lilikuwa alama ya dhambi, na waigizaji wa michezo ya jukwaani ya mateso ya Yesu nao walijipaka au kuvaa vinyago walipoigiza waovu.

Wapo wanaoamini kwamba vibao vingi vimefuata jukwaa la michezo hiyo. Aliyelishikilia zaidi wazo hilo ni Dr. Hildburgh, Mmarekani aliyeishi London, aliyekusanya vibao zaidi ya 200 na kuvitoa vyote kwa jumba la Victoria and Albert mwaka 1946, alipotimiza miaka 70.

Watoto waambie ukweli huo huo. Wataelewa haraka kuliko sisi.

---

FundiWaKatuba anajibu:

Aksanti sana nyote. Nimesoma mara mbili, nikamwita na kijana wangu wa karakana asome.

Katekista, mimi ningewaonyesha watoto kibao kingine kwanza, cha Ufufuko. Mpwa wangu ametuma kimoja baada ya kumsumbua. Yesu anatoka kaburini, mguu mmoja bado uko ndani, na ule mwingine anaukanyagisha juu ya askari aliyelala! Askari mwenye silaha zake zote, kofia ya chuma imemwangukia, na unyayo wa Bwana uko juu ya mbavu zake. Nimecheka peke yangu. Halafu nikakiangalia kama fundi. Kibao kina unene mdogo sana. Ukimsimamisha Yesu wima mbele ya kaburi anakuwa mtu aliyebandikwa ukutani. Ukimpa hatua, na ukamwekea mtu wa kukanyaga, umepata nafasi nne, moja mbele ya nyingine: askari, mguu, kaburi, ukuta. Huyo bwana alipata kina pasipo jiwe. Aliyelifikiria hilo mara ya kwanza alikuwa hodari, na waliolirudia baada yake walikuwa na akili ya kutolitupa. Huko jukwaani nako naona ndivyo ilivyokuwa: askari wanalala mbele ya kaburi, muigizaji hana pengine pa kukanyagia.

Hapo ndipo nilipopatia jibu langu kwa yule mteja, zaidi ya vichwa 58 (ambavyo pia nitamtajia). Kurudia si uvivu. Tembo wangu wa leo ana mkonga uliolala begani kwa sababu wale wa mwanzo walikuwa wakivunjika mkonga kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kila niliporudia nilisogeza kidogo. Hawa wa Nottingham walikuwa na jambo hilo hilo. Angalieni vidole vya watakatifu wao: vinagusa kifua, au kitabu, au pindo. Ni wachache wanaonyoosha kidole hewani. Mtu aliyewahi kurudishiwa mzigo uliovunjika ndiye anayechonga hivyo.

Sitasema vyote ni vizuri. Katika zile picha kuna vibao viwili ambavyo mkono wa Maria umetoka mkubwa kuliko kichwa cha mtoto, na malaika wamejazwa kama abiria. Kijana wangu ameona kabla yangu. Siku ya haraka ni siku ya haraka, Nottingham au Katuba.

Swali jipya. Katika picha ya Utatu Mtakatifu naona Mungu Baba na Mwana msalabani, lakini Roho Mtakatifu hayupo. Pana tundu tu kifuani. Walimsahau?

---

Katekista_Ruashi anajibu:

Hawakumsahau. Njiwa alichongwa peke yake na kuchomekwa kwenye tundu hilo. Vipande vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza. Kwenye vibao vingi limebaki tundu peke yake.

---

MamaWaLegio anauliza:

Wanangu, mimi nasoma kimya kimya ila nina swali. Kama walichonga vingi hivyo kwao, mbona picha zote mnazitaja Ufaransa, Hispania, Iceland? Kwao viko wapi?

---

MwalimuMstaafu_Bukavu anajibu:

Mama, shikamoo. Walivivunja wenyewe.

Mfalme Henry VIII alipoachana na Kanisa la Roma, amri zilianza kuteremka. Mwaka 1538 sanamu zilizokuwa zikihijiwa na watu ziliondolewa, na Mtakatifu Thomas Becket akafutwa kabisa, jina na sura, kwa sababu alikuwa askofu wa karne ya 12 aliyemgomea mfalme wa wakati wake. Chini ya mwanawe Edward VI, kuanzia 1547, ikawa zote. Sheria ya 1550 iliamuru sanamu zilizobaki makanisani ziharibiwe. Jasi ni laini, nyundo haikupata shida. Vibao vingi vilivyobaki Uingereza havina vichwa, au nyuso zimekwanguliwa kwa kisu huku nguo zikiachwa nzima. Adui alijua sehemu inayotazamwa.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Mwezi Septemba 1550, balozi wa Uingereza huko Ufaransa, Sir John Mason, aliandika kwamba meli tatu au nne zimefika kutoka kwao zimejaa sanamu, zinauzwa Paris, Rouen na kwingine, na watu wanazigombania. Kwa hiyo baadhi ya anavyoviona mpwa wa Papa Fundi huenda vilivuka bahari vikiwa vipya, na vingine vikiwa vimeng'olewa altareni.

Na kuna waliozika. Huko Flawford, kusini ya Nottingham, kanisa lilipokuwa linabomolewa mwaka 1779, walikuta chini ya sakafu sanamu tatu za alabasta: Bikira Maria na Mtoto, Mtakatifu Petro, na askofu. Nzuri mno, kati ya bora zilizobaki. Aliyezilaza pale hakuacha jina.

---

MamaWaLegio anajibu:

Aliyezizika alikuwa mama. Baba angeuza.

---

BintiWaKipushi anajibu:

Mama, umenichekesha nikiwa kazini!

Papa Fundi, nimekumbuka jambo litakalokupendeza. Ile ardhi ya kijani yenye maua. Kijani cha wachoraji wa wakati ule kilitoka zaidi kwenye shaba, na moja ya bluu zao, azuriti, ni mdogo wake malakiti, zinakaa mgodi mmoja. Kwenye vibao vingi kijani hicho kimezeeka kikawa kahawia. Shaba ina hasira hiyo.

---

FundiWaKatuba anajibu:

Binti, sisi wa Katanga hatuna la kushangaa hapo.

Sasa nataka kujaribu. Jamaa mmoja ana mapande ya jasi nyeupe yaliyobaki kwenye mzigo wa kiwanda. Si makubwa, ila kibao kimoja kinatoka. Nitachonga Ufufuko, na askari wangu atalala na koti la mvua, sio silaha za chuma. Nyuso zote nitaziacha rangi ya jiwe, mwema na mbaya, wajulikane kwa wanachofanya. Nianze na mashine ya diski kama kwenye malakiti, na maji?

---

BintiWaKipushi anajibu:

Hapana, Papa. Diski inapasha moto, na jasi ikipata moto uso wake unakuwa mweupe wa chaki, mng'ao wote umekwenda. Tumia msumeno wa mkono wenye meno makubwa, taratibu. Maji ya kupangusa yanatosha, usiliache jiwe ndani ya ndoo kama unavyofanya na malakiti. Kabla ya kuchonga ligonge kwa kipini cha patasi na usikilize: sauti ikizibika mahali, pana ufa. Msasa malizia na ule laini kabisa, mkavu, kisha nta nyembamba. Ukishamaliza lisikae barazani, na mishumaa iwe mbali nalo. Vumbi lake si kali kama la malakiti, lakini barakoa usivue.

---

Seremala_Kamalondo anajibu:

Yaya, mti wa mulombwa ninao, mkavu, umekaa ghalani kwangu toka kiangazi cha mwaka jana. Sentimita 40 kwa 25 nimeisikia kwa mwalimu. Unene je? Na waya utatoboa wewe au mimi?

---

FundiWaKatuba anajibu:

Chini sentimita tano, kwa sababu ya huyo askari. Juu nne. Matundu matatu nyuma natoboa mimi, waya wa shaba ninao, risasi sitayeyusha nyumbani kwenye watoto, nitatumia plasta. Wewe acha nafasi ya vidole viwili juu, pale kwa kijipaa, maana hicho sijui bado kama nitakiweza.

---

Seremala_Kamalondo anajibu:

Kijipaa nakitoa mimi kwa mbao. Pita Jumamosi, mchana, asubuhi nina mazishi.